Mdomo wa Fokiali

Jumanne, 16 Julai 2019

Shangazi Evdokia ametua! Dada yake Baba, kutoka Perth, Australia. Miaka themanini na moja, miwani ya jua usoni kote, mdomo uleule. Hata kiti hajakipasha moto — anataka kuingia Fokiali. Watu wanatoka Japani kuja kulitazama pango letu la buluu, na yeye aliyezaliwa hapa kisiwani Kastelorizo hajawahi kuliona! Aliondoka hapa msichana, na enzi zile wasichana hawakupelekwa mahali pa sili, wale wanyama wa baharini. Anasema magoti yake hayatapanda ndege tena. Ni safari hii au ndiyo basi.

Baba kajipiga kifua: dada yangu nitakuingiza mwenyewe, Jumamosi, tukishamaliza mkesha wa Nabii Eliya.

Nikasema — nusu utani — labda mimi nishike usukani. Meza nzima ikaangua kicheko. Miaka yote nakaa omoni, mbele ya boti, na mti mkononi, boti isigonge mwamba. Nje baharini naendesha kila siku. Lakini kuingia pale? Hata! Baba akasema ule mdomo wa pango ni wa kusikilizwa, mwanangu, si wa kubishana nao. Binamu yangu Lazaros, ambaye boti yake inalala ubavuni mwa yetu, kaapa mbele ya wote: siku mimi Zambeta, mwanamke, nikiingiza boti Fokiali, yeye atavaa gauni la mama yake na kuandaa kahawa gatini. Nikamwambia aanze kujipima kiuno.

Nimecheka nao. Lakini imeniuma. Naitaka ile kazi. Haya, nimeandika: naitaka!

Ijumaa, 19 Julai 2019

Mkesha! Kama desturi ya kila mwaka, bandari nzima majini na nguo zao, viatu, saa, kila kitu. Polisi katupwa na kofia yake. Shangazi hakungoja kusukumwa, karuka mwenyewe na pochi mkononi.

Na Baba nikamsukuma mimi. Kwa mikono miwili, huku napiga vigelegele. Alikuwa bado hewani ndipo nikakumbuka — mashine yake ya sikio! Kila mwaka Mama humvua kabla watu hawajamfikia kumsukuma. Leo Mama alikuwa jikoni anakaanga pweza.

Kaibuka anacheka. Kisha kashika sikio. Nikamwita, hakugeuka. Nikamwita tena.

Tumeizika kwenye mchele. Haifufuki. Fundi yuko kisiwa cha Rodos, na bila ile mashine Baba hasikii hata kengele ya kanisa. Ee Mungu wangu, nimefanya nini.

Jumamosi, 20 Julai 2019

Leo sina hamu ya kuandika, lakini nikilala nalo litanikaba.

Fokiali hupumua. Wimbi likiingia, mlango unabaki ufa tu. Likitoka, pango linashusha pumzi ndefu kutoka tumboni — huuu — na hapo ndipo unaingia, abiria wote wamelala chali sakafuni mwa boti, na wewe mwenyewe umeinamisha kichwa. Macho hayakusaidii, maji yanadanganya. Ni masikio.

Bahari ilikuwa shwari, imelala kabisa. Shangazi kalala chali kwenye mbao, mikono kifuani, anajichekea. Baba kashika usukani. Pango likapumua. Baba hakwenda. Likapumua tena, pumzi nzuri, ndefu. Hakwenda. Nikainua mkono kumpa ishara. Aliniona! Akageuza uso.

Kisha akageuza na boti. Eti bahari imechafuka.

Shangazi kainuka, kachungulia maji. Kokoto za chini zinaonekana moja moja. Hakusema neno. Yeye, ambaye hajanyamaza tangu Jumanne! Lazaros akamfuata gatini kumpa nafasi kwenye boti yake. Kakataa: nina kaka, siingii kwa boti ya mtu.

Jumapili, 21 Julai 2019

NIMEINGIA! Nimeingia, nimeingia, nimeingia!

Ngoja nianze mwanzo.

Asubuhi nilimfuata Baba gatini, nia yangu nimwambie pembeni, kwa adabu. Lakini kiziwi utamnong'oneza nini? Nikasema, hakusikia. Nikapandisha. Mwisho nikajikuta napiga ukelele: "Baba, husikii! Pango hulisikii! Nipe usukani!" Mikahawa yote ikageuka. Vijiko vimesimama vikombeni. Baba kayasoma midomoni mwangu. Nilidhani atanizaba kibao mbele za watu. Akavua ufunguo wa boti shingoni, akauweka juu ya meza — hakunipa mkononi, kauweka mezani — akaenda zake.

Nikauchukua. Nikamwita Shangazi.

Lazaros akapaza sauti nyuma yetu: Zambeta wee, usije ukatuletea shangazi vipande vipande! Na boti yake ikatufuata hadi nje ya pango. Alitaka kuona kwa macho yake.

Nikazima wasiwasi. Nikasikiliza. Pumzi fupi — hapana. Fupi tena. Shangazi kaanza kuuliza kama tumefika, nikamwambia shangazi, tafadhali, funga mdomo. (Nimemwambia hivyo! Na katii!) Kisha ikaja ndefu, ile ya tumboni. Nikaikandamiza injini, nikainama, mwamba ukapita juu ya mgongo wangu nikausikia ubaridi wake — na tumo ndani.

Buluu. Miaka yote nimeliona nikiwa nimelala omoni na mti mkononi, roho juu, nahesabu miamba. Leo nililiona nimesimama, usukani ni wangu. Mikono yangu buluu, usukani buluu, nywele nyeupe za Shangazi buluu tupu. Yeye kalala palepale chali, machozi yanaingia masikioni, anasema: mama, nimeingia na mimi. Sili mmoja alipiga chafya huko gizani. Shangazi akamjibu, afya! Tukacheka mpaka boti ikayumba.

Kutoka nako nikatoka safi. Wala rangi haikuguswa.

Lazaros alijaribu kutoroka kwa njia ya nyuma. Wapi! Wanawake walishaanua gauni kwenye kamba ya mama yake, lile la maua makubwa. Limemkaa vizuri kuliko nilivyotegemea. Kahawa yake mbovu, ila nimeinywa taratibu, vikombe viwili, na nikamwambia asisahau kupangusa meza.

Baba hakuwepo. Nilimkuta nyumbani anakula maharage, mgongo mlangoni. Shangazi kamsimulia kwa mikono, kwa machozi, kwa kupiga meza. Akaendelea kutafuna. Leo kisiwa kizima kinaniimba, na mtu ninayetaka anitazame hajainua macho kwenye sahani. Hata hivyo — nimeingia!

Jumatatu, 22 Julai 2019

Naandika hapahapa nje ya pango, daftari gotini, injini inanguruma taratibu. Hatuendi bado.

Nilikuwa nafungua kamba ili niwachukue watalii. Baba akatokea na mto wa kulalia kwapani. Akapanda botini, akapita usukanini bila kuugusa, akashuka chini, akalala chali kwenye mbao kama mgeni yeyote. Watalii nikawaambia wasubiri zamu ya pili.

Tumefika. Leo kuna mawimbi kidogo, meli ya Rodos ilipita. Boti mbili zimegeuza. Mimi nasikiliza. Fupi. Fupi. Moja karibu iwe ndefu, nikaiachia ipite — siipendi, ilikuwa na kikohozi ndani yake.

Baba anaona anga tu na uso wangu. Kauliza, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe: "Sasa?"

Nimemwonyesha kwa mkono: bado.

Nilidhani atainuka aangalie maji. Kaweka mto vizuri chini ya kichwa, kafumba macho.