Saruji Kwenye Jiko la Kuni

Wazo, Dar es Salaam

Mama, shikamoo.

Kifua kinasemaje? Na goti? Najua huko Mbinga sasa hivi baridi inauma. Nawaona mmekaa jikoni, wewe umeupa mlango mgongo, na Oliva wangu kwenye kigoda chake anachochea moto. Sie huku tunapumua. Sisemi zaidi ya hapo.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu mwanangu huiwahi yeye, na haya siwezi kuyasema akiwa anasikia. Kaka Festo akusomee, mlango ukiwa umefungwa.

Ni lile jiko, Mama. Nililijenga mwenyewe uani kama ulivyonifundisha: udongo wa kichuguu, majivu, nyasi zilizokatwakatwa, likakauka taratibu kivulini. Kila asubuhi nilikuwa natoa majivu kabla ya kupanga kuni, na kila Jumamosi nasiriba nyufa. Maharage yangu yalikuwa yanaiva laini, mtaa mzima wanakuja na mabakuli kununua. Chumba cha pili, cha Oliva nikishamleta huku akae na sisi, tulishakiongea na mama mwenye nyumba.

Basi mvua ikaja, bati za uani zikavuja, jiko likafanya ufa mkubwa ubavuni. Nikamwambia baba Oliva anitafutie udongo wa kichuguu. Akacheka! "Mie nashinda nabeba saruji kutwa nzima, halafu nikusiribie jiko kwa matope? Hayo ya kwenu Mbinga." Akakoroga saruji, akalipaka lote ndani na nje, likang'aa kama kaburi la tajiri. Nikamwambia, mama hatiagi saruji kwenye jiko. Akasema mama mkwe saruji ataijulia wapi. Nisamehe, ndivyo alivyosema.

Niliwasha moto mdogo kwanza, likatulia. Nikateleka sufuria kubwa, nikaongeza kuni. Mwenyewe kachuchumaa mbele yake, anajisifu. Mama, lilipasuka paa! Vipande vikaruka, sufuria ikapinduka, maharage na maji yake yanayochemka yote yakammwagikia miguuni. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Ngozi imetoka. Kazini hawezi kwenda, na vibarua wa kubeba mifuko wamejaa tele, nafasi yake keshapewa mwingine. Anashinda kalala, kaangalia ukutani. Nilijiandaa kumgombeza, nimeshindwa. Nitamgombeza vipi mtu anayelia?

Nikasema nitajenga upya. Mama mwenye nyumba akaja akasimama juu ya vile vipande. "Mama Oliva, kuni basi. Wenzio wote wanapikia gesi, wewe kuta zangu umezifanya nyeusi. Leo mumeo, kesho mtoto wa nani?" Kweli anayo. Ila maharage ya kuuza yanataka moto wa kutwa nzima, ukiyapikia gesi unaambulia mtungi mtupu, na mkaa nao unameza faida yote. Nimehangaika kutafuta uani kwingine, kila ninapouliza wananikatalia moshi. Kile chumba keshaingia mpangaji mwingine.

Kwa hiyo siji kumchukua mtoto. Sio likizo hii, na hiyo nyingine nauli sioni nitaitoa wapi. Nimechoka kuwadanganya, Mama, na kujidanganya mwenyewe. Nasali, lakini moyoni nimeshakata tamaa.

Nisalimie shangazi Agata anayekutekea maji, baba mdogo na kahawa zake, na katekista wetu mwambie aniombee, mie maneno yameniisha. Jiko lako akilipasua mtu, lisiribe mwenyewe, usimwachie mwanaume.

Uliniambia Oliva keshapanga nguo zake kwenye begi, ameliweka karibu na mlango. Zitoe, Mama, uzirudishe sandukuni. Ila zitoe akiwa shuleni.

Mwanao,
Yustina