Komunike Iliyokataa Kuisha

Goma, mtaa wa Himbi

Papa wangu,

Assalamu alaykum. Naanza na hali yako na ya Mama, hasa goti lake, maana najua huko Kasongo mvua imeshaanza, na mvua huliamsha. Je, anapata mafuta ya kulipaka? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na chumba ninachopanga hakikuguswa na moto wa volkano ulioshuka mlimani. Nayasema haya kwanza ili uendelee kusoma ukiwa umetulia, kwa sababu yanayofuata hayatakufurahisha.

Shangazi Mwamini alishuka na ndege ya mizigo akanifikishia ujumbe wako neno kwa neno: niache kazi ya redio, nirudi naye nyumbani, kwa sababu mji ulioungua na wenye bunduki katika kila ofisi si mahali pa binti yako. Papa, sikatai kwamba naogopa. Naogopa kila gari linapopunguza mwendo mbele ya mlango wetu. Lakini siji. Umenifundisha kutokukataa jambo bila kutoa sababu, basi sababu ni hii.

Nyumba ya zamani ya redio yetu, katikati ya mji, sasa iko chini ya jiwe, ule moto ulioganda. Tuliokoa ordinatere moja, hii kompyuta, na mtambo mdogo wa kurushia, tukavisukuma juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, mpaka Himbi, kwenye chumba tulichoazimwa. Watangazaji walivuka mpaka wakabaki huko. Mimi niliajiriwa kuwa karani, kupiga barua kwenye mashine, ila unakumbuka kwamba shuleni walitufundisha kidogo kuandika programu. Papa Direkta, mkuu wa redio, akaniambia, «Zuhura, tumebaki wewe na mimi na hii mashine. Ifanye iseme yenyewe.»

Nikaandika programu. Usifikiri ni kitu kikubwa. Yenyewe haipigi muziki wala haisomi matangazo. Kazi yake ni kuziita programu nyingine zilizomo katika mashine ileile. Inaiita ya muziki, inaiambia wimbo gani, inangoja imalize. Halafu inaiita ya matangazo, nayo vivyo hivyo. Ni kama wewe unavyowagawia mafundi wako vitambaa, huyu akate, yule ashone, nawe hushiki sindano.

Mwanzoni nilikosea. Programu ya muziki ilinasa kwenye diski iliyochubuka, na yangu ikakaa mchana mzima ikiingoja kwa adabu. Hatukurusha hata neno, ila wakati huo wachache walikuwa wamejua kwamba tumerudi hewani. Ndipo nikaongeza mpaka: programu yoyote niliyoiita, ikipitisha muda wake kwa dakika tatu bila kumaliza, inafungwa kwa nguvu, na inayofuata inaitwa. Mpaka huo ni wa zote.

Sasa nikueleze matangazo yenyewe. Siku ya moto, watu wa mashariki walikimbilia mpakani na wa magharibi wakakimbilia Sake, jiwe likapita katikati yao. Wengi hawakuwa pamoja na watoto wao saa ile. Mama Sifa, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alikuwa sokoni akasukumwa na watu mpaka ng'ambo. Binti yake, Sifa, alibaki mtaani Katoyi na majirani, amevaa gauni la manjano. Majirani walirudi kutoka Sake bila yeye. Kila asubuhi mama huyu anakuja kuketi kwenye ngazi yetu na redio yake ndogo sikioni, mpaka asikie: Sifa, miaka sita, robe ya manjano, kovu juu ya jicho. Akishasikia anainuka kwenda kuuza. Nilimwambia kwamba tunasoma hata asipokuwepo. Akanijibu, «Najua, mama. Lakini acha nisikie mwenyewe.»

Basi akaja bwana mmoja wa ofisi ya habari ya wale wenye bunduki wanaoshika mji. Jina lake siliandiki. Tumwite Shefu, kama anavyopenda kuitwa. Alikuja na askari wawili na diski yenye komunike, tangazo rasmi la wakubwa wake, irushwe kila saa. Papa Direkta akasema ndiyo. Nami nikasema ndiyo.

Komunike hiyo haikuwa sauti ya kawaida. Ilikuwa programu nzima, imefungwa ili mtu asiweze kukata hata neno. Waliitengeneza ili ionyeshwe ofisini: bendera, picha, hotuba, na mwisho kabisa kidirisha kinachoomba mtu abonyeze kitufe ndipo ifunge. Kwetu hakuna wa kubonyeza. Mchana niko nje napokea majina ya watoto, na jioni amri ya kutotembea inatukuta tumeshafunga mlango, mashine ikisema peke yake. Saa ya kwanza hotuba iliisha, kidirisha kikakaa, dakika tatu zikapita, mashine ikaifunga na kuendelea na watoto. Saa ya pili Shefu alikuwa bado chumbani. Aliiona bendera yake ikitoweka kwenye kioo.

«Ni nani amefunga komunike?»

«Ni mashine, Shefu. Hotuba ilikuwa imekwisha.»

«Nani ameamua imekwisha? Weye? Uko na miaka ngapi?»

«Vingt-deux, Shefu. Makumi mbili na mbili.»

«Mimi niko na vita tatu. Ya kwetu haikatwi. Toa ile mupaka.»

Nikamweleza kwamba nikiutoa, komunike itangoja kitufe, na watoto hawatasemwa. Labda aache mtu wake hapa wa kubonyeza.

«Askari yangu habonyezi-bonyezi. Watoto watangoja.»

Papa Direkta akaninong'oneza, «Mutoto yangu, toa. Tafazali.»

Papa, nilivuta kibodi nikaanza kuandika, nikakosea herufi. Na bado hayo maneno mawili hayakunitoka kichwani, watoto watangoja. Nikasema, «Natoa. Lakini Shefu aketi asikie mwenyewe, kesho isisemwe kwamba ni mimi niliharibu.»

Akacheka. «Leta kiti. Huyu mutoto anataka kunifundisha redio.»

Nikautoa mpaka kwa programu yake peke yake, nikaianzisha, nikaweka mikono mapajani waione wote. Hotuba ikasemwa mpaka mwisho. Kidirisha kikatokea. Kisha kimya.

Mwanzo Shefu alikuwa anatabasamu. Wewe hujaishi hapa, Papa. Katika mji huu redio ikinyamaza na isirudi, hakuna anayefikiria umeme. Wanafikiria kwamba wapiganaji wengine wameingia, au mlima umeamka tena. Dakika tatu wameshazizoea, maana diski zetu hunasa. Zilipopita, nikasikia mlango wa chuma wa duka la jirani ukishuka. Kisha mwingine. Kisha barabara nzima. Mwanamke akapita mbio na godoro kichwani akiita watoto wake kwa majina.

Mama Sifa akaingia bila kubisha. «Banasema vita imefika! Na mutoto wangu bado hamujamusema!» Akamwona Shefu kwenye kiti. «Na weye muzee, umeketi tu? Simama, usaidie watu!»

Hakuna aliyecheka. Wakati huohuo simu ya upepo kiunoni mwa Shefu ikapiga kelele, sauti ya mkubwa wake, sote tukaisikia: «Ni nani amekamata redio? Jibu! Niko natuma watu!»

Shefu akaruka. «Ni pane kidogo, mukubwa, mashine imekwama tu!» Kisha kwangu: «Rudisha!»

«Kitufe ni kile, Shefu. Bonyeza, itasema sasa hivi. Lakini saa ijayo nani atabonyeza?»

«Rudisha, nimesema!»

«Na mupaka wake?»

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Ilikuwa yangu. Askari mmoja alinitazama kama mtu anayetazama nyumba inayoungua. Nikarudia, polepole, «Useme wewe mwenyewe, mbele ya Papa Direkta. Nirudishe na mupaka wake?»

Simu ikalia tena. Shefu akaifunika kwa kiganja.

«Na mupaka wake. Rudisha.»

Nikaifunga komunike yake, nikarudisha mstari wangu mahali pake, na kitu cha kwanza Goma ilichosikia kilikuwa: Sifa, miaka sita, robe ya manjano, kovu juu ya jicho. Milango ya maduka ikaanza kupanda tena.

Alipotoka aliniambia atarudi na fundi wake, na kwamba uso wangu ameushika. Najua atarudi. Kila saa komunike yake inasemwa yote, hakuna neno linalopunguzwa, kisha inafungwa kama nyingine zote.

Jana jioni dereva wa lori la barabara ya Sake alisimama mlangoni. Alisema upande wa ziwa la Lac Vert kuna bibi aliyeokota mtoto wa kike mwenye kovu, na mtoto huyo haongei sana. Dereva alisikia tangazo letu redioni, akamkumbuka mtoto huyo. Mama Sifa ameondoka leo alfajiri kwa miguu. Redio yake ndogo ameniachia. «Nishikie. Nikirudi naye, utamuuzia mwingine. Nikirudi peke yangu, unirudishie.»

Huyo anaweza kuwa Sifa, au mtoto wa mwingine. Akiwa wa mwingine, jioni jina la Sifa litasomwa tena na la huyo litaongezwa, na fundi wa Shefu akija lazima amkute mtu kwenye kiti hiki. Mtu huyo ni mimi, maana mashine hii hakuna mwingine aijuaye. Usinikasirikie, na usimtume Shangazi mara ya pili kwa ajili yangu.

Nisalimie Mama, umwambie goti alipumzishe. Nisalimie kaka Ramazani, fundi wetu wa baiskeli, na Bibi, ambaye najua atasema nimerithi kichwa chake kigumu. Mwambie ni kweli. Mwalimu wangu wa Kurani aniombee. Safari hii nahitaji.

Shangazi anasimama mlangoni anangoja bahasha. Mama Sifa hajarudi. Redio yake iko hapa mbele yangu, juu ya karatasi hii, inasema.

Ni mimi binti yako, mwoga uliyemzaa, na sitoki hapa,

Zuhura