Mkono wa Mama

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Salamu zako zimenifika hapa Kikwajuni. Bibi yako goti limepoa, na shangazi yako kajifungua salama mtoto wa kike.

Umeniuliza: ukisali, umwite Baba, Mwana au Roho Mtakatifu? Nimemkumbuka mama yangu.

Nilikuwa kijana alipopata kiharusi, akapoteza kauli na mkono mmoja ukapooza. Yeye ndiye aliyekuwa akitusalisha nyumbani. Mimi nilimkasirikia Mungu, nikaacha kusali.

Asubuhi moja Bi Zuhura, jirani yetu Muislamu, alikuwa amekwisha kumwogesha. Mama akanitazama, akanyoosha mkono wake mzima.

"Anataka maji?" nikauliza.

"Anakutaka wewe. Msogelee."

Nikapiga magoti kando ya kitanda. Mama akaushika mkono wangu, akaupeleka kwenye paji la uso wangu, kisha kifuani, kisha bega hili na hili, taratibu, midomo ikimtetemeka bila sauti. Baba, Mwana, Roho Mtakatifu: maneno nikayasema mimi, machozi yakinitoka. Bi Zuhura aliinamisha kichwa mpaka tukamaliza.

Kauli haikumrudia, lakini tulisali hivyo kila asubuhi hadi alipofariki. Mapadri wengi nimewasikia, Neema. Aliyesali kama yeye bado sijamwona.

Basi mwite yeyote moyo wako unayemtaja. Ukimwita mmoja hujamwacha mwingine, maana Mungu ni mmoja. Mama hakunichagulia. Kwa mkono ule mmoja aliobakiwa nao, alinirudisha kwa wote watatu.

Babu yako, anayekuombea