Ifute Ile Barabara Uliyoipitisha Uani Kwangu

Nyumba ya Kuta za Kijani,
Nyuma ya Kiwanda cha Magodoro.
Jumapili, tarehe 8 Machi.

Mpendwa mwanangu,

Marahaba. Najua ukiuona mwandiko wangu tu utaniamkia, kwa hiyo naitikia kabisa. U mzima? Mkeo je, kile kikohozi kimekwisha? Huku tu wazima. Baba yako magoti yanamsumbua, lakini ulimi haujambo. Mimi siumwi popote, ila nina hasira, na leo utanisikiliza mpaka mwisho. Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu ulicheka.

Unaikumbuka wiki ya harusi yako, ulipokaa kizingitini kwangu na simu mkononi? Wageni wako walikuwa wanapotea kule kwenye mzunguko wa barabara kuu, wanapiga simu kila dakika. Ukasema ramani haijui njia ya kuja kwetu, basi ukaichora kwa kidole: kutoka lami ya mbele, katikati ya ua wangu, mpaka barabara ya kiwandani. "Shangazi, sasa hapotei mtu." Nami mjinga nikakupigia makofi, na soda baridi nikakuletea.

Haya, hawapotei tena. Wanakuja wote! Teksi, pikipiki, magari ya mizigo, juzi hata lori la vigae. Wamegundua kwamba ukikatiza kwangu unaukwepa mzunguko. Yule mwanamke wa kwenye simu anawaambia pinda kushoto, nao wanapinda, ndani ya ua wa chekechea! Hawaoni bembea? Hawaoni kandambili za watoto zimepangwa mlangoni? Macho yote yako kwenye hicho kisimu walichokibandika kando ya usukani.

Nimeweka mapipa. Wanashuka, wanayasukuma pembeni, wanapita, na kuyarudisha hawayarudishi. Nimeweka bango, nimeliandika kwa rangi nyekundu HAPA SI BARABARA. Dereva mmoja wa teksi, mtu mzima mwenye mvi zake, akalisoma bango lote, kisha akanionyesha simu: "Mama, mbona huku inaonyesha ni barabara?" Nikamwambia nyumba hii nimezaliwa humu. Akanijibu kwa upole kabisa, "Labda hawajakuarifu." Jamani! Niarifiwe habari za ua wangu mwenyewe! Kisha akawasha gari akapita.

Nikaenda kwa fundi simu wa pale kona, akawatumia wenye ramani ombi ifutwe. Siku ya tatu jibu likaja: limekataliwa, kwa sababu magari mengi yanapita hapo. Umesikia maneno hayo? Wao ndio wanaoyaleta magari, halafu magari hayohayo ndiyo ushahidi wao. Fundi anasema ombi likitoka kwa yule aliyeichora huenda likasikilizwa. Ndiwe wewe, bwana harusi.

Na usiniambie natia chumvi. Watoto walikuwa kumi na wanne, sasa wamebaki tisa. Mama wa wale mapacha alikuja kuwachukua Jumatano, akanikumbatia, akasema, "Mwalimu, hili si kosa lako." Najua si langu. Ni lako! Miaka ishirini na sita nimelea watoto wa watu kwenye ua huu, hajawahi kuumia hata mmoja zaidi ya kuchubuka goti. Wakiondoka hawa tisa, nafunga.

Lakini kilichonishikisha kalamu ni jambo la juzi Ijumaa. Watoto walikuwa wameshikana mikono kwenye duara, wanaimba. Mlio wa gari ukasikika huko mbele. Kabla sijafungua mdomo, wote tisa wakaachiana mikono, wakakimbilia ukutani, wakajipanga mstari mmoja, migongo imeugusa ukuta, kimya. Gari likapita. Wakarudi kwenye duara, wakauendeleza wimbo palepale walipouachia. Hakuna aliyewafundisha. Mdogo wao ana miaka mitatu. Niliingia ndani, mwanangu, nikalia.

Kwa hiyo sitaki pole, wala sitaki vocha. Ukimaliza kusoma, kabla hata ya kuikunja karatasi hii, chukua hiyo simu yako uombe barabara ile ifutwe. Wakikataa, omba tena. Wakikataa tena, wapigie kelele kama nilivyokupigia mimi.

Baba yako anakusalimu. Bibi yako pia anakusalimu. Habari za ramani hazielewi, anadhani wote hawa ni wageni wako wamechelewa harusi, anawapungia mkono. Fundi simu naye anakusalimu. Msalimie sana mkeo, mwambie yeye sina ugomvi naye.

Mungu akuzidishie afya na awajalie mtoto. Akianza kutembea mlete kwangu nimlee, kama nilivyokulea wewe kwenye ua huuhuu. Nitamfundisha nyimbo zote ninazozijua. Kukimbilia ukutani atafundishwa na wenzake.

Wako akupendaye, hata leo,
Shangazi