Wiki Sita Gendabi

Gendabi,
Hanang, Manyara.
14 Julai 2024

Mpendwa Kaka Hilary,

Shikamoo. Habari za huko Ujerumani, na afya yako? Wifi Belinda na watoto hawajambo? Mama ameniamuru niandike kwanza kwamba yeye ni mzima, goti limepata nafuu, na mahindi yote yameingia ndani kabla ng'ombe wa jirani hawajayafikia. Mimi pia ni mzima, ila baridi ya huku nilikuwa nimeisahau. Naandika nikiwa nimejifunika blanketi la Mama.

Najua bado unakumbuka uliponipigia mwezi wa nne nikakukatia simu. Nisamehe. Acha nikueleze, maana kwa simu nisingeweza.

Miaka tisa sasa nafanya upasuaji wa saratani Dar es Salaam, na kazi hii naipenda. Lakini sisi ni wachache, na wagonjwa wengi hufika ugonjwa umeshasambaa. Siku moja binti mmoja alinisimamisha koridoni akaniuliza, "Daktari, mama yangu alisema nini mwishoni?" Sikumkumbuka mama yake, Kaka. Nilimpasua kwa mikono yangu mwenyewe, akafariki wiki hiyohiyo, na hata sura yake sikuwa nayo. Nilikwenda kutafuta faili: aliitwa Marieta. Nikalisoma lile jina, nisisikie uchungu wowote. Hilo ndilo lililonitisha.

Kesho yake nikaandika barua ya kuacha kazi, nikampelekea mkuu wetu wa idara, Dokta Nicodemo. Aliisoma pole pole.

"Scola, ni lini umepumzika siku mbili mfululizo?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole, nikaacha.

"Mimi barua kama hii nimeiandika mara mbili," akasema. "Nenda nyumbani wiki sita. Ukirudi na mawazo hayohayo, nitasaini."

Ndivyo nilivyofika hapa. Mama alinipa blanketi lake. Wiki ya kwanza nililala na kupukuchua mahindi, basi.

Wiki ya pili akaja mama mmoja kutoka Getanuwas, Angela, wa familia ya wafugaji. Alikuwa amesikia kuna daktari nyumbani kwetu. Alikuwa na uvimbe kwenye titi. Nitakwambia ukweli: nilikasirika. Nilitoka nikaenda nyuma ya zizi nikasimama huko, nikimsikia Mama akimkaribisha chai na kumwambia nitarudi sasa hivi. Nilikaribia kabisa kuondoka kupitia shambani.

Nikarudi, nikanawa mikono, nikampima. Uvimbe ulikuwa mdogo kama punje ya mahindi, unateleza chini ya vidole. Miezi mingi nilikuwa sijaguswa na kitu kama hicho: mtu amewahi kabla ugonjwa haujasambaa! Nilimpeleka mwenyewe hospitali. Dokta Gerald wa pale akachukua kipimo, na majibu yalipokuja ilikuwa saratani, lakini ya mwanzo kabisa.

Mume wake, Gidabuday, alisikiliza maelezo yote ameegemea fimbo yake. Mwisho akauliza, "Ataweza kukamua ng'ombe?"

"Ataweza," nikamjibu, "lakini sio mwezi huu. Utakamua wewe."

Kaka, kwao kukamua ni kazi ya wanawake. Angela alicheka mpaka machozi yakamtoka, na alikuwa hajacheka tangu nimfahamu.

Tulimfanyia upasuaji Jumanne ya wiki iliyopita, mimi na Gerald. Ulikwenda vizuri. Dawa za saratani atazifuata Moshi. Nilipotoka chumba cha upasuaji miguu ilikuwa imechoka, lakini ni uchovu mwingine, ule wa mtu aliyetoka kuvuna. Na jioni, bila kutegemea, nikamlilia Marieta. Mama alikaa kando yangu jikoni, akaendelea kuchambua maharage.

Nilimpigia Nicodemo nikamwambia narudi, ila nina masharti. Kila Ijumaa tukae, sisi tunaopasua, tuwataje kwa majina wagonjwa waliotutoka wiki hiyo. Mara moja kila baada ya miezi mitatu nije huku kupima akina mama mapema. Na Jumapili nisiitwe. Akasema, "Hiyo ya Ijumaa tuanze wiki hii, hata kabla hujafika."

Sijapona kabisa, Kaka. Labda uchovu utarudi. Lakini sasa nitaujua ukija, na nitasema. Naomba na wewe usinifiche ukichoka huko, maana huwa unasema "niko sawa" haraka mno.

Mama anakusalimu sana. Shangazi Tekla wa Masakta na jirani yetu Baltazar wanakusalimu pia. Nisalimie wifi na watoto. Mungu awalinde nyote, awape usingizi mzuri.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Scola

N.B. Usinipigie Jumapili mchana. Nitakuwa nimelala.