Ngazi Niliyoiachia

Kisangani, tarehe 3 Machi

Yaya Rashidi, kaka yangu mpendwa,

Salamu zikufikie huko Yahuma, wewe na shemeji Aïcha. Mtoto ameshaanza kutembea? Sisi tunaamka salama, Mungu asifiwe. Papa anakula, ila mikono bado inatetemeka na mwanga unamuumiza macho.

Alfani uliyemtuma alituletea barua yako Jumatano. Kwa kuwa Papa hawezi kusoma sasa, nilimsomea mimi. Uliandika kwamba mzee wa miaka sitini kubaki juu ya mabati saa sita mchana, bila maji, ni ukaidi wa kitoto. Nilisita hapo. Papa akaniambia niendelee. Nilipomaliza, alisema tu kwamba una haki, umesema kweli.

Yaya, huna haki. Siku ile Papa alikuwa anapigilia paa la Mama Marceline. Mimi, niliyemaliza shule na sina kazi, aliniweka chini nichunge ngazi na bidoni ya maji. Akaja jirani, Papa Félicien, anataka ngazi atengeneze antena yake. Unajua anavyotania. Alisema, “Mutoto ya Yakubu, unachunga ngazi sawa mbuzi? Itakimbia?” Watu wakacheka. Niliona haya, nikamwachia. Alisema dakika tano.

Ilipita saa nzima. Nyundo ikanyamaza, kisha Papa akaniita mara mbili. Niliogopa kumjibu kwamba ngazi haipo. Kwenda kuidai mbele ya watu niliogopa pia. Nilikaa kwenye kivuli cha ukuta, na bidoni ya maji mapajani.

Mama Marceline ndiye aliyetoka akamwona amelala juu ya bati, akapiga kelele. Ngazi ikaletwa mbio. Walipomshusha ngozi yake ilikuwa kavu, ya moto, wala jasho hakuna, na aliniita kwa jina la marehemu Mama. Muuguzi alisema tungechelewa kidogo tu, tungemzika.

Papa anajua. Kila anayemwuliza kwa nini hakushuka, anajibu kwamba alitaka kumaliza kazi.

Tafadhali usimgombeze tena. Nigombeze mimi, wala usinihurumie. Jibu lako nitamsomea Papa kwa sauti, bila kuruka neno.

Mbusu mtoto kwa ajili yangu. Papa anawasalimu, hajui ninachoandika.

Mimi mdogo wako,
Mwanahamisi