Upande wa Nje wa Kona

Jumatatu, 1 Machi 1971

Basi halikuja tena. Nimetembea kutoka karakana Chang'ombe mpaka chuoni, nimeingia darasani na grisi mikononi. Mwalimu Lyimo akatazama saa yake. Kijana mdogo, ndevu hazijamkaa sawasawa, na mie nina watoto wanne.

Leo miamba. Iliyozaliwa na moto, iliyotokana na mashapo, iliyogeuzwa na joto na uzito. Nimeandika yote.

Miaka kumi na moja natengeneza mashine za kuchimba visima vya vijijini. Kila mara analetwa kijana mwenye cheti kunionyesha spana ya kushika. Sitaki jiolojia. Nataka cheti. Jiolojia ndiyo mlango, basi nitapita hapohapo.

Jumatano, 10 Machi

Leo mito. Kwenye kona maji hukimbia zaidi upande wa nje, yanakula ukingo. Upande wa ndani yanapoa, yanatua mchanga. Hivyo mto unahama polepole, kama mtu anayejinyoosha kitandani mpaka mwenziwe anaanguka chini. Mfano huo ni wangu, si wa mwalimu.

Jaribio nimepata kumi na saba kwa ishirini. Wa pili. Wa kwanza karani mmoja wa benki, hajashika koleo tangu azaliwe.

Jumamosi tunakwenda kuuona mto wenyewe. Mwalimu hajasema upi.

Jumamosi, 13 Machi

Mto Ng'ombe. Kinondoni. Kwangu.

Nilijua tulipokata njia ya kisimani. Nikanyamaza. Nilidhani tutapita tu.

Lyimo akasimama ukingoni, akanyoosha fimbo. "Tazameni nyumba ile. Kona ya nje kabisa. Mwenyewe ama shujaa ama mjinga. Nyie mnasemaje?"

Karani akadakia: "Mjinga, mwalimu! Tena mjinga wa mabati mapya!"

Wakacheka. Na mie nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa.

Mke wangu akatoka na ndoo. "Baba Rehema! Wageni wote hawa, mbona hukusema? Vikombe vyenyewe vitatu!"

Karani akaanza kukagua viatu vyake.

Akawapa maji, kwa zamu, vikombe vitatu. Watu waliomwita mumewe mjinga. Wakasema ahsante mama. Halafu tukaamriwa kuchora kona, kila mtu achore anachokiona. Nikachora nyumba yangu.

Jumapili, 14 Machi

Sikulala vizuri. Matofali ya nyumba hii nimeyafyatua mwenyewe, Jumapili kwa Jumapili, miaka mitatu. Nilikuja mjini kutoka Newala na kaptula moja. Hakuna aliyenipa hata msumari. Leo mtoto wa shule anakuja na fimbo.

Nimepigilia vigingi vinne kutoka ukingoni kuja ukutani, hatua moja moja. Tutaona nani mjinga.

Jumanne, 23 Machi

Mvua tangu juzi. Kigingi cha kwanza hakipo. Cha pili kimeinama kama mlevi.

Labda ng'ombe wamepita.

Alhamisi, 25 Machi

Si ng'ombe. Cha pili nacho kimekwenda.

Nilivuka kumwona Mzee Kitwana, aliyeniuzia uwanja. Nilimpa shikamoo kwanza. Hasira ni hasira, adabu ni adabu. Yeye anakaa ng'ambo, ndani ya kona. Nyuma ya nyumba yake kuna mchanga mweupe, na lori lilikuwa linapakia.

Hapo ndipo nilipoliona. Nimekaa hapa miaka yote na sikuliona. Kwangu mto unakula, kwake unatapika. Uwanja wake ni mkubwa kuliko siku niliyonunua wangu. Na matofali yangu yote ni ya mchanga nilioununua kwake!

Nikamwambia, mzee, ulijua. Akatabasamu. "Mwanangu, mie sikusoma. Mto una tabia zake. Uliniuliza bei, hukuniuliza mto."

Kwenye mikutano tunaambiwa tukate mirija ya wanyonyaji. Mrija huu nani ataukata? Nilivuka kurudi kwangu. Nilitaka kumpiga mtu. Hakukuwa na mtu wa kumpiga isipokuwa maji.

Jumapili, 28 Machi

Nimemwambia mke wangu tubomoe kabla mto haujabomoa. Mabati, milango, boriti, matofali yatakayotoka mazima. Vikienda na maji, mara ya pili siwezi kujenga. Najua hesabu yangu.

Akaniuliza kama nimelogwa. "Nyumba nzima, haina ufa, uibomoe kwa ajili ya picha uliyochora shuleni?"

Akachukua watoto, kaenda kwa dada yake Segerea. Hakuaga.

Ijumaa, 2 Aprili

Mabati yote yako chini. Niliomba ruhusa kazini, nikakatwa siku. Balozi wa nyumba kumi kanihifadhia mbao uani kwake. Kasema kuna uwanja kule juu karibu na kwake, atanisemea.

Majirani wamekaa kibarazani wanatazama kama ngoma. "Msomi! Ukimaliza ya kwako njoo ubomoe na ya kwetu!"

Mvua imekatika. Jua kali. Anga jeupe.

Jumatano, 7 Aprili

Siku ya tano jua. Mto umekuwa mfereji, kuku wanavuka. Nimekaa katikati ya kuta zisizo na paa, nang'oa matofali kwa patasi. Mazima mawili, moja linavunjika.

Namchukia Lyimo. Namchukia Kitwana. Namchukia karani. Mvua inyeshe! Nimeomba mvua iharibu uwanja wangu. Mtu gani anaomba hivyo?

Jioni Lyimo kaja, peke yake, viatu mkononi. Akasema, "Ndugu, siku ile ungeniambia." Nikamwuliza ningemwambia nini. Akakunja mikono ya shati, akabeba matofali mpaka kwa balozi, akarudi, akabeba tena. Viganja vyake laini vilichubuka. Sikumwonea huruma. Sikumfukuza.

Jumatatu, 12 Aprili

Mvua kubwa tangu jana mchana. Leo asubuhi mto umepita chumbani kwetu. Vigingi, choo, mpapai, kuta zilizobaki. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa chai.

Majirani wametazama tena. Safari hii hakuna aliyeniita msomi. Wawili wameniuliza habari za nyumba zao. Nimewaambia.

Kijana yule wa fimbo alikuwa sahihi. Bado simpendi.

Alhamisi, 22 Aprili

Mtihani. Swali la nne: chora kona ya mto, onyesha unapokula na unapotua mchanga. Mkono ukachora nyumba wenyewe. Nikaifuta. Ikabaki alama kwenye karatasi.

Jumapili, 25 Aprili

Uwanja wa juu, ule alionisemea balozi. Mke wangu karudi na watoto asubuhi. Hatukuzungumza ya nyuma. Kahesabu matofali kwa macho, kajua hayatoshi.

Nikachukua jembe. Akanishika mkono. Akainama, akachota udongo kiganjani, akautazama, akanipa.

"Huu nao wasemaje?"

Nikautazama.